Inachus: mto uliozaa ukoo wa wafalme

Swali la msomaji, Mwanza:

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili amepewa kazi ya kuchora ukoo wa shujaa mmoja wa hadithi za Kigiriki, naye akamchagua Heracles. Tumepanda kizazi baada ya kizazi mpaka tukamfikia mtu anayeitwa Inachus, na hapo tumekwama. Kitabu kimoja kinasema alikuwa mfalme wa kwanza wa Argos, kingine kinasema ni mungu, kingine kinasema ni mto. Mto unazaaje? Na watoto wake hasa ni kina nani? Maana kila tunaposoma, baba wa yule binti Io anabadilika.

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Kijana aandike hivi juu kabisa ya mchoro wake: Inachus, mto wa Argos. Umungu na ufalme nitauelezea, lakini mto ndio mwanzo. Ukiuondoa mto, ukoo huo unabaki majina matupu.

Sehemu ya tabu mliyoipata inatokana na lugha yetu. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua: ama mto umekauka, ama mzee amekauka. Kigiriki cha kale hakikuwa na kizuizi hicho. Neno lao la mto, potamos, ni la jinsia ya kiume, na msemaji aliweza kusema sentensi ileile bila kutenganisha maji na mwenye maji. Wagiriki hawakufikiri kwamba ndani ya mto kuna mungu anayekaa humo kama mpangaji ndani ya nyumba. Mto wenyewe ndiye mungu. Maji ni mwili wake, mafuriko ni hasira yake. Wachoraji na wachongaji walipotaka kumwonyesha mungu wa mto walimpa umbo la fahali mwenye uso wa mtu, au mzee mwenye pembe, kwa sababu mto ukijaa unanguruma na kusukuma kama fahali.

Wazazi wake ni Oceanus, jimto walilosadiki kwamba linaizunguka dunia yote, na mkewe Tethys. Mshairi Hesiod, aliyetunga yapata miaka 700 kabla ya Kristo, anasema wawili hao walizaa mito 3,000 na mabinti wa maji 3,000. Mito anayoitaja kwa jina ni 25, na wa kwanza kabisa ni Nile. Kisha anasema kwamba ni vigumu kwa binadamu kuyataja majina ya mito yote, ila kila mto unajulikana na watu wanaoishi kando yake. Naupenda sana mstari huo. Inachus hayumo katika wale 25, na sioni kwamba amedharauliwa. Yeye ni wa kundi kubwa la mito ambayo ukitaka kuijua sharti uwaulize wenyeji.

Wenyeji wa Argos walimjua kama mzee wao. Katika tamthilia ya mwandishi Aeschylus iliyochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo, Orestes, mwana wa mfalme Agamemnon, anarudi nyumbani kutoka ugenini alikokulia. Kwenye kaburi la baba yake anatoa mashungi mawili ya nywele zake. Moja ni la maombolezo ya baba. La kwanza ni la Inachus, shukrani kwa malezi. Vijana wa Kigiriki walikuwa na desturi ya kuupa mto wa nyumbani nywele zao walipofikia utu uzima, kwa imani kwamba maji yake ndiyo yaliyowakuza. Sasa lile swali lako, mto unazaaje, lina jibu la kwanza: unazaa kwa kunywesha. Bila mto hakuna shamba, bila shamba hakuna mtoto anayekua. Mtu wa Argos aliyesema "mimi ni wa Inachus" alisema jambo aliloliona kwa macho kila msimu wa kilimo.

Mto huo upo hadi leo, na jina lake ni lilelile. Uko kusini mwa Ugiriki, katika rasi ya Peloponnese. Unateremka kutoka milima iliyo mpakani na Arcadia, unapita karibu na mji wa Argos, unaingia katika ghuba ya Argos. (Kuna Inachus mwingine kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, msije mkachanganya kwenye ramani.) Mtu akienda kumtazama huyu wa Argos wakati wa kiangazi, anaweza kukuta mawe na vumbi tu. Ni mto wa msimu, unapata maji mvua ikinyesha.

Watu wa kale walikuwa na maelezo ya jambo hilo, na hapa ndipo tabia ya Inachus inapoonekana. Poseidon, mungu wa bahari, na Hera, mke wa Zeus mfalme wa miungu, waligombea nchi ya Argos. Kesi ikapelekwa kwa wazee watatu wa mahali, nao walikuwa mito mitatu: Inachus, Cephisus na Asterion. Wakaamua kuwa nchi ni ya Hera. Poseidon hakukubali kushindwa. Akawanyang'anya maji yao waliomhukumu. Pausanias, msafiri aliyeandika habari za Ugiriki katika karne ya 2 baada ya Kristo, anasimulia hayo na kuongeza kwamba ndiyo sababu mito ile haina maji isipokuwa baada ya mvua. Mshairi Homer naye anaiita nchi hiyo Argos yenye kiu.

Mtazame mzee huyo vizuri. Alijua anamhukumu nani. Poseidon ndiye mwenye maji yote, na Inachus hana kitu kingine ila maji. Alitoa hukumu aliyoiona ya haki, akalipa kwa mwili wake. Sijui mungu mwingine wa mto katika hadithi za Kigiriki anayenigusa moyo kama huyu.

Wataalamu wa ardhi wana maelezo yao, nayo hayaivunji hadithi. Milima ya pale ni ya mawe ya chokaa, ambayo huyameza maji ya mvua na kuyapitisha chini kwa chini. Ndiyo maana juu kunakauka, na huko pembeni, karibu na bahari, chemchemi zinabubujika mwaka mzima. Hata hizo zilipata hadithi yake: Danaus, mzao wa Inachus tutakayemkuta mbele, alipofika katika nchi hiyo kame alimtuma binti yake Amymone kutafuta maji, na Poseidon, akiwa ameshikwa na mapenzi, akamwonyesha chemchemi za Lerna. Pausanias anazitaja Lerna kuwa ndizo zisizokauka. Jirani yake Lerna kuna mto Erasinus, mfupi lakini wa maji ya kudumu, na Wagiriki walisadiki kwamba maji yake yanatoka katika ziwa Stymphalus lililo mbali milimani, yakipita ardhini.

Huyo Erasinus naye ana kisa ambacho ni cha historia, si cha miungu. Mwanzoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo, mfalme Cleomenes wa Sparta alileta jeshi kuishambulia Argos. Alipofika mtoni akachinja sadaka ili apewe ruhusa ya kuvuka. Ishara zikakataa. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba Cleomenes alisema anamsifu Erasinus kwa kutowasaliti raia wenzake, kisha akalizungusha jeshi lake likapita baharini. Jemadari wa vita, adui, anauhesabu mto kuwa raia wa mji! Kwa watu wenye mawazo hayo, kuuita mto babu si jambo la ajabu.

Sasa familia. Mke wa Inachus ni Melia, naye ni binti wa Oceanus vilevile, maana yake walioana ndugu, jambo la kawaida kwa miungu ya Kigiriki. Wana wao wawili ni Phoroneus na Aegialeus. Aegialeus alikufa bila mtoto na hana mengi. Kuna masimulizi yanayompa Inachus binti mwingine, Mycene, ambaye jina lake lilipewa mji wa Mycenae, ule wa Agamemnon.

Phoroneus ndiye wa kutazamwa. Yeye si mto, ni mtu, na watu wa Argos walisema ndiye mtu wa kwanza kabisa katika nchi yao. Kabla yake watu waliishi wametawanyika, kila familia peke yake. Akawakusanya wakae pamoja, na mahali hapo pakaitwa mji wa Phoroneus. Kila mtoto wa shule anayesoma hadithi za Kigiriki anafundishwa kwamba Prometheus ndiye aliyewaletea binadamu moto. Watu wa Argos hawakukubali. Walisema moto ulitoka kwa Phoroneus, na Pausanias aliwakuta bado wanauwasha moto waliouita wa Phoroneus. Kwa hiyo mwana wa mto ndiye aliyeleta moto. Sidhani wenyeji walikosa kuiona ajabu hiyo.

Watoto wa Phoroneus ni Apis na Niobe. Apis alitawala kwa ukatili akauawa. Niobe (si yule aliyegeuka jiwe akilia watoto wake, huyo ni mwingine) anasemwa kuwa mwanamke wa kwanza wa binadamu kuzaa na Zeus. Mwanawe ni Argus, aliyeipa Argos jina.

Hapa nitaingiza lile suala la ufalme. Kadiri karne zilivyosonga, wasomi wa Kigiriki walianza kuona haya kuanzisha orodha ya wafalme wao kwa maji, wakamfanya Inachus mtu. Herodotus anaanza historia yake yote kwa kisa cha Io, na humo Inachus ni mfalme tu, binti yake anaibwa na wafanyabiashara Wafoinike waliotia nanga Argos na kupelekwa Misri kwa merikebu. Hakuna ng'ombe wala Zeus. Baadaye waandika tarehe walimweka Inachus kichwani mwa orodha ya wafalme wa Argos. Waandishi wa Kikristo wa mwanzo wakaitumia orodha hiyo: Tatian, katika karne ya 2, alidai Musa aliishi zama za Inachus, ili aonyeshe kwamba Musa ni wa kale kuliko mashairi yote ya Wagiriki. Vitabu vyenu vinavyosema "mfalme wa kwanza wa Argos" vinafuata njia hiyo. Si uongo, ni tabaka la baadaye. Pausanias, ambaye aliwasikiliza wenyeji, anasema wazi kwamba baba wa Phoroneus hakuwa mtu bali ni mto.

Kuhusu Io, hamkusoma vibaya. Apollodorus, aliyekusanya nasaba hizi katika kitabu kimoja, anakiri kwamba wa kale hawakuafikiana: wako wanaomwita Io binti wa Iasus, mzao wa mbali wa Inachus. Hesiod anatajwa kumwita binti wa Piren. Waandishi wengi wa tamthilia za majonzi wanamwita binti wa Inachus mwenyewe. Ukichagua Iasus, vizazi vinaongezeka katikati. Ushauri wangu ni kijana amchore Io chini ya Inachus kwa mstari wa nukta, kisha aeleze pembeni. Washairi walikuwa na sababu ya kumpenda Inachus awe baba. Kisa cha Io kinataka mzazi wa kulia, na ni mzazi gani anayeweza kulia kuliko mto?

Io alikuwa kuhani wa Hera. Zeus akamtamani. Katika tamthilia ya Prometheus aliyefungwa mwambani, Io anasimulia mwenyewe: usiku ndoto zilimjia zikimwambia aende kwenye malisho ya Lerna, kwa mifugo ya baba yake, Zeus anamngoja. Akamweleza baba. Inachus akatuma wajumbe Delphi na Dodona, mahali watu walipouliza miungu, kuuliza, wakarudi na majibu ya mafumbo. Mwishowe likaja jibu lisilo na fumbo: mfukuze binti yako nyumbani na nchini, la sivyo radi ya Zeus itaufuta ukoo wako wote. Akamfukuza, akamfungia mlango. Io anasema baba alifanya hivyo bila kupenda, na yeye alitoka bila kupenda. Akaota pembe, akawa mtamba. Hera akamwekea mlinzi Argus mwenye macho mwili mzima, naye si yule Argus wa Niobe bali ni mwingine wa ukoo huohuo. Hermes, mjumbe wa Zeus, alipomuua mlinzi, Hera alimtuma pange amchome Io, akakimbia nchi kwa nchi. Mlangobahari wa Bosporus ulipata jina lake hapo, maana yake kivuko cha ng'ombe.

Mshairi wa Kirumi Ovid ana Inachus tofauti, asiyemfukuza mtu. Kwake, mito yote imekwenda kumpa pole Peneus, mto wa Thessaly aliyempoteza binti yake Daphne. Mmoja tu hayupo. Inachus amejificha ndani kabisa ya pango lake, analia, na machozi yanaongeza maji yake. Hajui Io yu hai au amekufa. Siku moja mtamba mweupe anafika ukingoni. Mzee anang'oa majani anamlisha. Ng'ombe anamlamba mkono, anavibusu viganja vyake, hawezi kusema. Ndipo anapochora kwa ukwato vumbini jina lake, herufi mbili tu, I na O. Inachus anamkumbatia shingoni, anazishika pembe, anasema alikuwa akimwandalia harusi, akingoja mkwe na wajukuu. Na msiba wake hauna mwisho, maana yeye ni mungu, mlango wa mauti umefungwa kwake. Mzazi wa kibinadamu huzikwa, majonzi yakazikwa naye. Mto unaendelea kutiririka.

Io alipumzika Misri. Kando ya Nile Zeus alimgusa kwa mkono, akarudi kuwa mwanamke, akamzaa Epaphus, ambaye jina lake Wagiriki walilihusisha na mguso huo. Ile tamthilia ya Prometheus inamwita Epaphus mweusi, atakayevuna nchi yote inayonyweshwa na Nile. Herodotus naye aliona kwamba sanamu za Isis, mungu wa kike wa Wamisri, zina pembe za ng'ombe kama Wagiriki walivyomchora Io, na wengi baadaye waliwafanya kuwa mmoja.

Hapa jambo hili linawafikia ninyi huko Mwanza, ambao ziwa lenu linatokea Jinja likawa Nile. Nile na Inachus ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Epaphus alimwoa Memphis, binti wa Nile. Kwa hesabu ya kwetu alimwoa mama yake mdogo! Binti yao ni Libya, aliyelipa jina bara walilolijua la Afrika. Libya alizaa na Poseidon, yuleyule aliyemkausha babu, mapacha Agenor na Belus. Kwa Agenor wanatoka Europa na Cadmus. Belus alimwoa Anchinoe, binti mwingine wa Nile, wakazaliwa Aegyptus na Danaus. Mbele ya hapo mchoro wenu ni rahisi: Danaus, binti yake Hypermnestra, Abas, Acrisius, Danae, Perseus, Electryon, Alcmene, Heracles. Mkianza kumhesabu Io, Heracles ni wa 13, na ndivyo Prometheus anavyomtabiria Io katika tamthilia ile. Msimsahau Andromeda, mke wa Perseus, binti wa mfalme wa Waethiopia. Yeye ni bibi yake Alcmene.

Ugomvi kati ya Danaus na Aegyptus ndio uliourudisha ukoo Argos. Aegyptus alikuwa na wana 50 waliotaka kuwaoa kwa nguvu mabinti 50 wa Danaus. Mabinti wakakimbia na baba yao kwa merikebu. Aeschylus alitunga tamthilia nzima juu ya siku ile ya kuwasili. Wanashuka ufukweni wakiwa weusi, wamevaa kigeni, wanajiita kizazi kilichochomwa na jua. Mfalme Pelasgus anastaajabu: wanasema wao ni watu wa Argos, lakini sura ni za wanawake wa Libya, au wa Nile, au wale wahamaji waishio jirani na Waethiopia. Hawabishani naye kuhusu sura. Wanamtajia ukoo, jina baada ya jina, kuanzia Io aliyekuwa kuhani hapahapa. Mfalme anakiri kuwa ni wa nchi hii tangu kale. Lakini kuwapokea kunaweza kuleta vita, naye anakataa kuamua peke yake. Jambo linapelekwa kwa wananchi, wanapiga kura kwa kuinua mikono ya kulia, hewa ikajaa mikono. Wageni wakakubaliwa.

Karibu na mwisho wa tamthilia, mabinti hao wanaingia mjini wakiimba. Wanasema hawatausifu tena mdomo wa Nile kwa nyimbo zao. Wataisifu mito ya nchi hii, inayomwaga maji tulivu na kuinywesha ardhi, na kuwapa watu watoto.